Kadi ya Michoro ya Nje kwa Kompyuta Mpakato: Mwongozo kwa Mchezaji wa Mwanza

Kwa wengi wetu hapa Mwanza, kompyuta mpakato ndiyo kompyuta pekee tuliyo nayo. Asubuhi inabebwa begani kwenye daladala kwenda Malimbe au ofisini mjini, na usiku mwenyewe anatamani iwe mtambo wa kuchezea gemu. Kazi ya kwanza inaimudu vizuri, lakini ya pili inaishinda, kwa sababu michoro ya gemu za sasa inaangukia sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa, isiyo na kumbukumbu yake yenyewe na inayogawana RAM na programu nyingine zote. Kadi ya michoro ya nje ni njia ya kuondoa kikwazo hicho bila kununua kompyuta ya pili: kadi kamili ya kompyuta ya mezani inakaa nje, juu ya meza, ikiwa na umeme wake, na kompyuta inaunganishwa nayo kwa waya mmoja ukifika nyumbani.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao wengi huugeuza, na kuugeuza huko ndiko kunakowapotezea fedha. Kadi inanunuliwa mwisho. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa pili chuoni, alinipigia simu jioni moja akiwa na furaha tele: "Shikamoo mjomba. Kadi nimeshapata, imebaki waya tu." Nikaitikia, nikamwomba aniletee kompyuta yake. Ilikuwa na poti ya USB-C, lakini poti ile ilikuwa ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Haikuwa na uwezo wa kubeba kazi ya kadi ya michoro. Kadi ile nzuri ililala chini ya kitanda miezi sita mpaka alipobadilisha kompyuta. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia aanze na njia, afuate umeme, na kadi ije baada ya hayo mawili.

Hatua ya kwanza: kuitambua njia

Kadi inayokaa ndani ya kompyuta ya mezani huwasiliana na prosesa kupitia njia 16 za PCIe, yaani barabara za data kati ya kadi na prosesa. Kadi ya nje, hata kwenye vifaa vizuri, hupata njia nne. Anayevuka kwa kivuko cha Kamanga ataelewa mara moja: gari lako liwe na mbio kiasi gani, likifika gatini linasubiri kivuko, na kivuko kinabeba kiasi chake. Kwa hiyo swali la kwanza ni kompyuta yako ina kivuko cha aina gani.

Njia rahisi kuliko zote ni Thunderbolt, poti ya kasi kubwa. Thunderbolt 3, iliyotangazwa mwaka 2015, na Thunderbolt 4, iliyotangazwa mwaka 2020, hupitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde, na kati ya hizo kazi ya kadi hupewa zisizozidi 32. Thunderbolt 5 ya mwaka 2023 imefikisha gigabiti 80, ingawa kompyuta zilizo nayo bado ni za bei ya juu. Poti hizi zina umbo lilelile la USB-C, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Tazama pembeni mwa poti: alama ndogo ya radi ndiyo ishara ya Thunderbolt, wakati alama ya betri au herufi za USB peke yake hazikuhakikishii kitu. USB4 nayo inaweza kubeba kadi ya nje, lakini mtengenezaji hakulazimishwa kuweka uwezo huo, hivyo ni lazima usome maelezo ya toleo lako kamili la kompyuta. Usiishie kwenye jina la kampuni. Jina moja la biashara hufunika matoleo mengi. Dell XPS 13 yenye namba 9360, kwa mfano, ina Thunderbolt 3 iliyofungwa kwa njia mbili tu za PCIe, na ile ya 9370 iliyofuata ina njia nne. Ukiwa dukani, kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa hilo.

Kama huna Thunderbolt, fungua kifuniko cha chini cha kompyuta uangalie tundu la M.2, lile linalokaa diski ya NVMe. Tundu hilo mara nyingi lina njia nne za PCIe zinazokwenda moja kwa moja kwenye prosesa au chipu yake, na kwa sababu hiyo huweza kuipita Thunderbolt 3 kwa kasi halisi. Gharama yake ni usumbufu: diski inatoka, mfumo unahamishiwa kwenye diski ya SATA au tundu la pili la M.2 kama lipo, na utepe wa waya unatokeza nje kupitia kifuniko kilichoachwa wazi au kilichotobolewa. Kwa kompyuta inayobebwa kila siku, mimi siipendekezi njia hii. Kwa kompyuta ya zamani ambayo sasa inakaa mezani, ni njia nzuri sana. Baadhi ya kompyuta mpya ndogo zina poti ya OCuLink, ambayo hutoa faida hiyo ya M.2 bila kufungua kitu. Ukiwa nayo, itumie.

Kompyuta za zamani zaidi zina tundu la mini PCIe linalobeba kadi ya Wi-Fi. Lina njia moja tu, na kwa gemu za sasa ni finyu mno, kwa hiyo nisingemshauri mtu atumie fedha hapo. Wenye kompyuta za Apple wajue kwamba zile za prosesa za Intel zilipewa uwezo huu rasmi mwaka 2018, lakini zenye prosesa za M1 na zilizofuata hazikubali kadi ya nje ya kuchezea gemu.

Kabla ya kuvuka hatua hii, angalia pia prosesa na RAM. Prosesa ya viini viwili itaiacha kadi nzuri ikisubiri, na RAM ya gigabaiti 8 itaanza kujaa gemu ikiwa bado inafunguka. Lenga viini vinne au zaidi na gigabaiti 16. Kama kompyuta yako haifiki hapo na haiwezi kuongezewa, fedha zako zitafanya kazi zaidi kwenye kompyuta ya mezani iliyotumika.

Hatua ya pili: kisanduku au ubao wa wazi

Kwa Thunderbolt kuna visanduku vilivyokamilika, vyenye pawasaplai, feni na tundu la kadi ndani yake. Razer Core X ni mfano unaojulikana: ina pawasaplai ya wati 650 na huichaji kompyuta hadi wati 100 kupitia waya uleule. Visanduku vya namna hii ni vizito na bei yake huweza kukaribia ya kadi yenyewe. Njia ya pili ni ubao mdogo wa wazi, wenye tundu la kadi juu na mahali pa kuchomeka pawasaplai ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Ubao ni nafuu, lakini kila kitu kinabaki wazi, na ulinzi wa vumbi, watoto na paka unakuwa juu yako.

Vifaa hivi kwa kawaida huagizwa kutoka China au hutoka Kariakoo kwa basi. Safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza inazidi kilomita 1,100, na mzigo hutupwa juu na chini njia nzima. Mwambie anayekutumia asiisafirishe kadi ikiwa imechomekwa tayari ndani ya kisanduku au kwenye ubao. Uzito wake ukipigwa matuta huvunja tundu. Kila kimoja kifungwe peke yake, na kadi iwe ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na kuzungushiwa sponji pande zote.

Waya wa Thunderbolt usiutafute mrefu. Waya mfupi wa nusu mita wenye alama ya radi na namba 3 au 4 hupitisha kasi kamili, ilhali waya mwingi wa kuchajia simu, hata unaofanana nao kabisa, hauipitishi.

Hatua ya tatu: umeme

Hapa naomba msomaji apunguze mwendo, kwa sababu vifaa vingi nilivyoona vikifa mjini hapa vimeuawa na umeme.

Anza na hesabu. Tundu la kadi hutoa wati 75. Plagi ya pini sita huongeza 75, na ya pini nane huongeza 150. GTX 1660 Super hula wati 125, RX 6600 wati 132, RTX 3060 wati 170 na RX 580 wati 185. Pawasaplai ya wati 450 au 500 ya kampuni inayoaminika inatosha kwa zote hizo. Ukiinyanyua pawasaplai ukaiona nyepesi kama boksi tupu huku maandishi yake yakisema wati 600, irudishe mezani kwa muuzaji.

Kosa la kuunguza kadi kwa sekunde moja ni la plagi. Pawasaplai ya mezani ina plagi mbili za pini nane zinazofanana: moja ni ya prosesa na nyingine ni ya kadi ya michoro. Ya prosesa hugawanyika nne kwa nne. Ya kadi hugawanyika sita kwa mbili. Mpangilio wa umeme ndani yake umegeuzwa, mahali ambapo moja ina volti 12 nyingine ina waya wa ardhi. Maumbo ya pini yametengenezwa yasiingiliane, lakini plastiki hulainika kwa mkono wenye nguvu. Plagi ikigoma, ichomoe usome maandishi yake. Vilevile, kama pawasaplai yako ina nyaya zinazochomoka, usitumie nyaya za pawasaplai nyingine hata kama zinaingia vizuri, kwani upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga anavyotaka.

Kisha uje kwenye umeme wa ukutani, ambao ni wa volti 230. Ubao wangu wa kwanza na pawasaplai yake niliuchomeka moja kwa moja kwenye soketi. Jioni moja ya mvua umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa nguvu iliyofanya taa zing'ae kuliko kawaida. Nilisikia mlio mfupi kama wa njiti ya kiberiti, nikanusa harufu ya plastiki, na nilipoinama niliona doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya mtama pembeni mwa ubao. Kadi ilipona, ubao haukuwaka tena. Tangu hapo sichezi bila UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani ukikatika. Ya VA 650 kwa kawaida hutoa kati ya wati 360 na 390, kiasi kinachotosha kwa kadi ya wati 130 pamoja na kioo (monita), na dakika chache inazotoa ni za kuhifadhi mchezo na kuzima kwa utaratibu. Kama mtaa wenu una umeme unaoshuka na kupanda mara kwa mara, tanguliza stabilaiza kabla ya UPS.

Pawasaplai, chaja ya kompyuta na kioo viunganishwe kwenye ekstensheni moja yenye plagi ya pini tatu na waya wa ardhi unaofanya kazi. Vifaa vinapotumia soketi tofauti, moja ikiwa na ardhi na nyingine ikiwa haina, tofauti ya umeme kati yake hupita kwenye waya wa HDMI au wa Thunderbolt, na utaihisi kama mtekenyo vidoleni unapogusa chuma. Mtekenyo huo ni onyo la kumwita fundi umeme kabla ya kuendelea.

Kuhusu uniti za LUKU, hesabu ni nyepesi: mtambo unaokula wati 250 kwa jumla humaliza uniti moja kila baada ya saa nne za kucheza.

Hatua ya nne: kuchagua kadi

Sasa ndipo kadi inapoingia. Kwa kuwa njia ni nyembamba, kadi kubwa sana itapoteza sehemu ya nguvu uliyoilipia. Kadi za daraja la kati ndizo zinazoendana na njia nne. Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kumbukumbu ya kadi. Ikijaa, kadi hulazimika kwenda kuchukua data kwenye RAM ya kompyuta kupitia njia ileile nyembamba, na mchezo huanza kukwama kwa vipande. Kwa hiyo kati ya kadi mbili zinazokaribiana nguvu, chukua yenye kumbukumbu kubwa zaidi. RTX 3060 ya gigabaiti 12 inafaa sana kwa sababu hiyo. RX 6500 XT yenye gigabaiti 4 ningeiacha.

Kadi zilizotumika ni nyingi tangu Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha mfumo wa uchimbaji wa kadi za michoro na wachimbaji wakaziuza. Nyingi kati yake bado ni nzima, kwani kadi iliyotunzwa kwenye joto lisilobadilika huchakaa feni zaidi ya chipu. Hata hivyo usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi. Mwombe muuzaji aifunge kwenye kompyuta yake, iwashe gemu au programu ya majaribio kwa dakika 20, nawe usikilize feni, utazame kama kuna vitone vya rangi au mistari kwenye kioo, na usome joto lake. Muuzaji mwaminifu hakatai.

Hatua ya tano: kufunga na kuwasha

Weka kila kitu juu ya meza ya mbao, si juu ya zulia. Zima umeme wote. Gusa sehemu ya chuma ya pawasaplai ili umeme tuli utoke mwilini, kisha ingiza kadi kwenye tundu kwa kusukuma sawasawa pande zote mbili hadi kishikizo cha mwisho kilie. Chomeka plagi za kadi, halafu kaza skrubu ya ubavuni, kwa sababu waya wa kioo ukivutwa bahati mbaya kadi isiyokazwa hung'oka.

Utaratibu wa kuwasha unategemea njia. Kwa Thunderbolt, washa kompyuta, ingia Windows, washa kisanduku, kisha chomeka waya. Mara ya kwanza kompyuta itakuuliza kama unakiruhusu kifaa, nawe ruhusu daima. Isipouliza wala kuonyesha chochote, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, uhakikishe Thunderbolt imewashwa na kiwango chake cha ulinzi hakizuii vifaa vipya. Kwa M.2 na OCuLink, washa pawasaplai ya kadi kwanza, ndipo uwashe kompyuta. Njia hizi mbili hazichomekwi wala kuchomolewa kompyuta ikiwa inawaka, hata kwa sekunde moja.

Baada ya hapo pakua draiva kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD, kulingana na kadi yako. Faili lake ni kubwa, hivyo kama unategemea bando la simu, lipakue usiku kama kifurushi chako kina ofa ya usiku. Ukimaliza, washa upya. Katika orodha ya vifaa vya Windows (Device Manager), kadi isiyofanya kazi huwekewa alama ya njano na namba. Namba 12 maana yake kompyuta imeishiwa nafasi ya kuihudumia kadi mpya. Kama ndani kuna kadi nyingine ya michoro mbali na ile ya prosesa, izime kwenye orodha hiyohiyo kisha uwashe upya, na ikishindikana sasisha BIOS. Namba 43 mara nyingi hutokana na mabaki ya draiva ya zamani: ingia hali salama (Safe Mode), yafute yote kwa programu ya DDU, uanze upya.

Hatua ya sita: kioo na vipimo

Unganisha kioo cha nje moja kwa moja kwenye kadi. Ukicheza kwenye kioo cha kompyuta yenyewe, picha iliyokwisha kuchorwa inalazimika kurudi kupitia waya uleule ulioleta data, na kivuko kinageuka kubeba magari ya pande zote mbili kwa zamu moja. Kwa Thunderbolt 3 na kadi ya daraja la kati, mara nyingi hupotea kati ya sehemu ya kumi na robo ya kasi ambayo kadi hiyohiyo ingetoa kwenye kompyuta ya mezani. Kwa kioo cha ndani upotevu huzidi hapo. Runinga ya sebuleni yenye HDMI inafaa kabisa kwa kuanzia.

Fungua programu ya GPU-Z, bonyeza alama ya swali iliyo pembeni ya maelezo ya njia ili kadi ifanye kazi kidogo, kisha usome idadi ya njia zinazotumika. Ukiona nne, umefanikiwa. Ukiona mbili au moja wakati kompyuta ina nne, badilisha waya au chomoa na uchomeke upya utepe wa M.2, kwani sehemu yake ya shaba huchafuka haraka kwa jasho la vidole. Katika mipangilio ya michoro ya Windows, chagua gemu moja moja uipe kadi ya nje, la sivyo baadhi yake zitaendelea kutumia ile ya prosesa bila kukuambia. Mwishowe weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde kama kioo chako ni cha Hz 60. Kadi itapoa, na waya hautapitisha kazi isiyoonekana.

Hatua ya saba: mahali pa kuiweka

Kando ya ziwa kuna adui ambaye miongozo ya kwingine haimtaji. Kuna majuma ambayo vidudu vidogo vya ziwani huinuka kama moshi na usiku kufuata taa. Anayeishi Kirumba, Igombe au popote panapotazamana na maji anajua jinsi vinavyojaza kizingiti cha dirisha hadi asubuhi. Feni ya kadi iliyo wazi huvinyonya. Niliwahi kufungua kadi ya jirani iliyokuwa ikifikia nyuzi 88, nikakuta mapezi ya kupozea yamezibwa na tabaka la mabawa makavu lililoshikamana na vumbi kama ukoko chini ya sufuria. Tulilitoa kwa brashi laini ya rangi, feni ikiwa imezuiwa kwa kidole isizunguke, na joto likashuka hadi 71 kwa gemu ileile.

Kwa hiyo weka mtambo mbali na dirisha na taa, urefu wa goti au zaidi kutoka sakafuni, na kwa ubao wa wazi zungushia wavu wa dirishani wenye matundu madogo, ukiacha nafasi ya kiganja kimoja pande zote ili hewa ipite. Usiuweke kabatini. Safisha kila mwezi, na katika majuma ya vidudu kila wiki.

Ukimaliza kucheza kwa Thunderbolt, tumia alama ya kuondoa kifaa kwa usalama iliyo chini kulia mwa kioo, subiri Windows iseme tayari, ndipo uchomoe waya. Kwa M.2 na OCuLink, zima kompyuta kwanza, kisha pawasaplai. Acha feni ya kadi isimame kabisa kabla ya kufunika kwa kitambaa chepesi, na kama mvua inanyesha kwa radi, ng'oa ekstensheni ukutani kabla ya kwenda kulala.